Mkono Usio na Mwenyewe

Samaki walichelewa. Yvonne Tattersall alikuwa ameshafika mbele ya kaunta, ameshampigia mumewe simu na kumwambia, "Choma sindano yako ya insulini, Roy, nimeshafika, naleta chakula cha moto sasa hivi," ndipo mwenye duka akainua mikono juu na kutangaza kwamba karai limekufa. Mafuta yalikuwa yamepoa. Foleni nzima ikaguna.

"Dakika chache tu, bibie," mwenye duka alimwambia. "Likishika moto, wewe ndiye wa kwanza."

Yvonne akayatazama mafuta yaliyotulia kimya kama maji ya bwawa. Aliwaza kupiga simu tena. Akamfikiria Roy akimkatiza maneno kwa ile sauti yake ya kuchoka, *Von, mimi si mtoto mchanga,* mbele ya kaka yake Derek, na Derek akicheka. Wanaume wale wawili walikuwa tangu asubuhi katika nyumba ya marehemu mama yake, juu kwenye kilima cha mji wa Accrington, Uingereza, wakihamisha vyombo, kwa sababu halmashauri ya mji, iliyompangisha marehemu, ilitaka funguo zake Jumatatu. Tayari walikuwa wamezozana kuhusu cherehani ya marehemu. Hakutaka kuongeza neno. Akairudisha simu mkobani. Akatoka nje, akarudi ndani, akaenda dirishani, akarudi kaunta. Mama mmoja nyuma yake akamwambia atulie, samaki hawana mabawa.

Alipopanda kilima akiwa na mfuko wa moto kifuani, aliukuta mlango wazi. Kabati la nguo lilikuwa limekwama katikati ya ngazi, limelala ubavu. Chini yake, kwenye ukumbi, kaka yake Derek alikuwa amepiga magoti, amefunika uso kwa viganja, na damu ilikuwa ikipita katikati ya vidole. Juu ya ngazi alikaa Roy. Shati lake lilikuwa limelowa chepechepe kama mtu aliyetoka kuogelea. Mapajani ameilaza ile fimbo ya chuma ya kutundikia nguo kabatini. Alimtazama mkewe kama mtu anayengoja basi.

"Von," alisema taratibu, ulimi mzito. "Wageni wameshafika?"

"Wageni gani, Roy?"

Akafikiri. Akashusha macho kwenye ukumbi. "Nani kamwumiza Derek?"

Yvonne aliujua uso ule. Alimruka kaka yake, akapenya ubavuni mwa kabati, akamtilia mumewe mdomoni soda ya sukari aliyokuwa nayo mkobani siku zote, akimshika kidevu, akimwambia meza, meza, meza. Ni baada ya hapo tu ndipo alipogeuka, akashuka, akamgusa Derek bega na kupiga simu ya dharura.

Derek alikuwa amemwona akimruka. Aliona kwa jicho moja, lakini aliona.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walipompima Roy, pamoja na soda ile, sukari yake ilikuwa bado chini kiasi kwamba mmoja wao alikigonga kipimo akidhani kimeharibika. Derek alipelekwa hospitali. Jicho la kushoto halikuokoka.

*

"Kuna njia mbili," alisema Bi Chowdhry, mwanasheria waliyempata, mwanamke mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha. "Nataka mzielewe zote, kwa sababu zinashangaza hata wanaosomea."

Roy alikaa mbele ya meza yake na kofia mkononi. Yvonne alikataa kiti. Alisema mgongo unamsumbua.

"Mashtaka ni kumdhuru mtu vibaya kwa kukusudia. La pili, kama hilo likishindikana, ni kumdhuru bila kukusudia. Utetezi wetu ni kwamba mwili wako ulitenda na wewe hukuwepo. Sheria inasema mtu hahukumiwi kwa jambo ambalo akili yake haikuhusika nalo. Lakini inauliza: ni nini kilichoiondoa akili? Kama ni kitu cha kutoka nje, kama sindano ya insulini, unaachiwa huru kabisa. Kama ni ugonjwa wenyewe uliotoka ndani yako, sheria ina jina jingine."

"Jina gani?"

Bi Chowdhry alipenga kamasi kwanza. "Wazimu."

Roy akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. "Ngoja kwanza. Ningekuwa mzembe, nisichome sindano, sukari ikapanda, nikampiga shemeji yangu, ningeitwa kichaa?"

"Kisheria, ndiyo. Hana hatia kwa sababu ya wazimu. Ndivyo inavyoandikwa."

"Na kwa kuwa nilichoma nisile, mimi ni mzima."

"Kabisa."

"Basi sheria hiyo nayo ikapimwe sukari," alisema Roy, na safari hii mwanasheria alicheka mpaka akakohoa.

Aliponyamaza, aliinama mbele. "Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mwendesha mashtaka hatabishana na kipimo. Atasema mambo mawili. Kwanza, mligombana asubuhi ile. Jirani alikusikia ukisema utamvunja meno."

"Alitaka kuitupa cherehani ya mama mkwe kwenye takataka. Maiti yenyewe haijapoa."

"Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Kama ulijua kwamba sukari ikishuka unakuwa mkali, ukajiachia tu, sheria haitakuhurumia. Mtu anayejijua ana wajibu wa kujichunga. Kwa hiyo nakuuliza, Bwana Tattersall, na unijibu kweli. Imewahi kutokea kabla?"

"Kamwe," alisema Roy bila kusita. "Natetemeka, natoka jasho, nakuwa mjinga kidogo. Mikono yangu haijawahi kumgusa mtu. Mwulize huyu. Miaka yote ya ndoa, mwulize."

Wote wawili wakamgeukia Yvonne, aliyekuwa ameshika mgongo wa kiti kitupu.

"Aliwahi kuzimia mara moja," alisema. "Jikoni. Akaamka."

"Hakumpiga mtu?"

"Hakukuwa na mtu jikoni wa kupigwa," alisema Yvonne.

*

Alikuwepo yeye. Ilikuwa Januari ya mwaka uliopita. Roy alirudi kutoka kazini, kwenye gari la kusambazia vifurushi, barabara zikiwa na barafu, amechelewa kula. Yvonne alikuja nyuma yake na bilauri ya maji ya machungwa, akamshika mkono kama alivyomshika mara nyingi. Roy aligeuka na kumtwanga mdomoni kwa nyuma ya ngumi. Macho yake yalikuwa kama madirisha ya nyumba isiyo na mtu. Kisha akaanguka. Alipozinduka alimkuta mkewe amejikandamiza taulo mdomoni, akamwuliza, kwa huruma ambayo Yvonne hakuisahau, "Umejigonga wapi, mpenzi?"

Akajibu, "Kwenye kabati."

Neno likatoka lenyewe, na likishatoka likawa gumu kurudi. Roy alimbandikia mlango wa kabati raba ili usimgonge tena. Wiki hiyo hiyo Derek aliuona mdomo wake kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa mama yao, akauliza, akaambiwa kabati. Alimtazama tu Roy, aliyekuwa akikata keki upande wa pili wa meza.

*

Pauline, mke wa Derek, alimkuta Yvonne kwenye foleni ya supamaketi. Kati yao kulikuwa na mzee mmoja mwenye mkate.

"Naona unakula vizuri," alisema Pauline kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima. "Mume wangu anajimwagia chai mapajani kila asubuhi kwa sababu hajui kikombe kiko wapi. Lakini wewe chukua, chukua biskuti zako."

"Ni za Roy, Pauline. Za sukari."

"Ah! Za Roy. Tusisahau kumlisha." Mzee mwenye mkate alianza kusoma karatasi ya mkate wake. "Derek amewaambia polisi kila kitu, ukitaka kujua. Kuhusu mdomo wako pia. Kabati! Wifi yangu, mimi nimeishi na wanaume, kaka zangu watatu na baba mlevi, sijawahi kuona kabati lenye vifundo vya vidole."

Msichana wa kaunta akauliza kama Yvonne anataka mfuko. Yvonne alisema hapana, kisha ndiyo, kisha akaacha biskuti na kutoka. Alipofika kituo cha basi akakumbuka kwamba biskuti zenyewe ndizo zilizomleta, akarudi dukani, akasimama nyuma ya foleni upya. Pauline alikuwa bado anapanga vitu vyake kwenye kitoroli. Alimwona akirudi. Akageuza kitoroli, akaondoka.

Nyumbani, Roy alikuwa ameshaambiwa na mwanasheria kwa simu. Kazini walimsimamisha tangu tukio, naye alikuwa akishinda sebuleni amevaa viatu kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Kaka yako amefika mbali," alisema. "Anadai nilikupiga. Eti nilikupasua mdomo. Jicho lake limeniuma, Von, naapa, nikilikumbuka silali. Lakini hili? Mimi nikupige wewe?"

Yvonne alikuwa akipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Bi Chowdhry atakupigia," Roy aliendelea. "Mwambie ni uongo. Ulijigonga. Mimi mwenyewe niliutengeneza ule mlango."

"Kula kwanza," alisema Yvonne. "Saa imefika."

"Von. Utamwambia?"

"Nitamwambia, Roy. Kula."

Simu ilipolia, aliipokea kwenye ngazi, mgongo ukiwa ukutani. Bi Chowdhry aliuliza swali lake polepole, mara mbili, kama anayempa mtu nafasi ya kubadili nia. Yvonne alisema kabati. "Sawa," alisema mwanasheria. "Lakini kizimbani utaapa. Hutakuwa unaongea na mimi tena."

Tangu siku ile Yvonne hakuweza kukaa. Alianua nguo zilizokauka akazifua upya. Aliamka katikati ya kipindi cha televisheni kwenda kuhakikisha jiko limezimwa. Alianza sentensi, "Roy, kuna jambo," na Roy alipoinua kichwa akamaliza kwa kuuliza kama anataka chai. Akiwaza upande wa mumewe aliona jela. Akiwaza upande wa kaka yake aliona mtu aliyesema kweli akiitwa mwongo, baada ya kupoteza jicho. Akijiwaza mwenyewe, alikimbilia jikoni.

*

Mlangoni mwa mahakama mlinzi aliumimina mkoba wa Roy kwenye trei mbele ya watu. Chupa ya soda, vidonge vya sukari, ndizi, biskuti, kalamu ya insulini.

"Unaenda pikiniki, mzee?" mlinzi aliuliza. Akaikamata kalamu ya insulini kwa ncha za vidole. "Na hii?"

"Dawa yangu."

"Onja soda."

"Nikinywa sasa itapanda."

"Onja au iache hapa. Ndiyo utaratibu."

Roy akaonja. Tone likamwagikia tai yake, ile aliyoivaa kwenye mazishi ya mama mkwe. Yvonne aliitoa leso akaanza kuipangusa, na Roy akamshika mkono kwa upole akauondoa, kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Mashahidi husubiri nje, kwa hiyo Yvonne hakumsikia Derek akitoa ushahidi, wala Roy. Alitembea kwenye korido kutoka mashine ya kahawa hadi dirishani, kutoka dirishani hadi mashine ya kahawa. Baadaye aliambiwa kwamba katikati ya maswali Roy aliomba ruhusa ya kula ndizi, jaji akampa, na mahakama nzima ikakaa kimya ikimsikiliza akitafuna. Na kwamba alipoulizwa kuhusu hasira zake alinyoosha mkono na kusema, "Sijawahi kuinua mkono huu kwa mke wangu. Sijawahi, na Mungu ananiona." Alisema vile kwa moyo wote. Ndiyo maana jaji alimruhusu mwendesha mashtaka kumwuliza Yvonne kuhusu mdomo wake uliopasuka.

Yvonne aliitwa alasiri. Alikula kiapo kwa sauti ambayo hakuitambua. Upande wake wa kulia walikaa raia kumi na wawili waliopangiwa kuamua. Mmoja wao, mwanamke mwenye sweta la kijani, alimtabasamia, na tabasamu lile likamtia hofu. Nyuma ya kioo, kizimbani, alikuwa Roy. Kwenye viti vya wasikilizaji alikuwa Derek, jicho lake jipya la bandia likitazama mbele huku la kweli likimtazama yeye.

Bi Chowdhry alimwuliza kuhusu sindano, simu, na karai la mafuta. Yvonne alijibu vizuri. Kisha akasimama mwendesha mashtaka, Bwana Lascelles, mwanamume mpole mwenye sauti kama ya daktari wa watoto.

"Pole kwa msiba wa mama yako, Bi Tattersall."

"Ahsante."

"Sitakuchelewesha. Kaka yako ameliambia jopo hili kwamba Januari ya mwaka jana alikuona na mdomo uliopasuka. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulimwambia ni nini?"

"Kabati."

"Na ilikuwa kabati?"

Yvonne alishika ukingo wa mbao mbele yake. Alimwona Derek akitazama viatu vyake. Kaka yake hakuwa akimngoja aseme kweli. Alikuwa ameshajua angesema nini, na alikuwa ameshaanza kuuvumilia uongo huo, jinsi alivyovumilia kurukwa kwenye ukumbi wa nyumba ya mama yao.

"Bi Tattersall? Ilikuwa kabati?"

"Hapana," alisema. "Alinipiga."

Mtu aliguna. Bwana Lascelles hakuonyesha furaha. "Nani alikupiga?"

"Mume wangu. Kwa ngumi, hivi." Akaonyesha. "Sukari yake ilikuwa imeshuka. Nilimshika mkono nimpe kinywaji. Alikuwa ameondoka, hakuwepo, jinsi alivyokuwa siku ile kwenye ngazi."

"Kwa hiyo alijua," alisema Bwana Lascelles taratibu, akiligeukia jopo. "Tangu Januari ile alijua kwamba hali hii humfanya apige watu."

"Hakujua."

"Alikupasua mdomo na hakujua?"

"Nilimwambia ni kabati. Aliniuliza nimejigonga wapi, nikamwambia kabati. Akaubandika mlango raba."

"Bi Tattersall, unaliomba jopo liamini kwamba mtu alimpiga mkewe, akalala naye kitanda kimoja zaidi ya mwaka mzima, na asijue?"

"Siwaombi waamini," alisema Yvonne. "Wamtazame tu."

Wakamtazama. Hata jaji alimtazama. Roy alikuwa amesimama nyuma ya kioo bila kuruhusiwa. Hakumtazama jaji wala jopo. Aliutazama mdomo wa mkewe. Uso wake ulikuwa umeporomoka, kama ukuta ambao matofali yake ya chini yameondolewa.

"Lini?" alisema. Sauti yake ilipita kwenye matundu ya kioo. "Von, lini?"

"Bwana Tattersall, kaa," alisema jaji.

"Ni ile siku ya barafu? Von?"

Askari wa kizimbani alimkalisha kwa kumshika bega. Alikaa kama mzigo.

"Kwa nini hukumwambia?" Bwana Lascelles aliuliza, na sasa ilionekana kwamba alitaka kweli kujua.

"Angejiogopa. Mtu akijiogopa anaishije? Nilisema nitamchunga mimi. Nikawa namlisha kama kinda. Nilitembea na soda mkobani kila niendako, hata kanisani, hata kwenye mazishi." Akaushika tena ukingo wa mbao. "Na nilisikia aibu. Watu wangesema ndiyo hao wanawake wanaopigwa wanaosema kabati. Na mimi nilikuwa mwanamke aliyepigwa, nikasema kabati."

"Na siku ya tukio?"

"Siku hiyo nilichelewa. Nilimwambia achome sindano, nikachelewa. Ningeweza kupiga simu. Sikupiga, nilimwonea haya." Akamgeukia Derek, jambo ambalo shahidi hatakiwi kulifanya. "Kaka yangu amesema kweli tupu. Mimi ndiye nilimfanya aonekane mwongo."

*

Jopo lilikaa usiku mmoja na asubuhi yake. Waliporudi, mwanamke mwenye sweta la kijani ndiye aliyesimama. Kwa shtaka la kwanza, hana hatia. Kwa la pili, hana hatia. Jaji akasema Bwana Tattersall anaweza kwenda.

Roy hakutoka mbio. Askari alilazimika kumwonyesha mlango.

Kwenye korido Derek alikuwa akihangaika na zipu ya koti. Pauline alitaka kumsaidia, lakini Derek akamsukuma mkono. Yvonne alimwendea ingawa Bi Chowdhry alimwambia asiende.

"Derek."

"Umesema kweli," alisema Derek bila kuinua kichwa. "Sikutegemea. Ahsante."

"Derek, sikujua nifanye nini."

"Najua." Zipu ilikataa. Akaiacha. "Nisaidie jambo moja, Von, wewe una akili kuliko mimi tangu shuleni. Shemeji si mwenye kosa. Sawa. Nimesikia madaktari, nimesikia jaji, nimeelewa. Hakuwepo. Wewe huna kosa, ulikuwa unangoja samaki. Mwenye samaki hana kosa, karai lilikufa. Basi jicho langu limetolewa na nani?"

Yvonne aliitazama zipu iliyokwama.

"Hakuna mtu," alisema Derek. "Limejitoa. Twende, Pauline."

*

Siku ile Roy hakutaka chai. Alisimama jikoni amevaa koti bado.

"Nionyeshe," alisema.

"Roy, kula kwanza."

"Nitakula. Nionyeshe ulikuwa umesimama wapi."

Akamwonyesha. Alisimama kando ya sinki, akamwambia yeye Roy alikuwa hapo, ameegemea, na mkono wake ulikuja hivi. Roy aliufuata kwa macho ule mkono uliokuwa ukionyeshwa, kisha akautazama wake. Alikaa.

"Na ukawa unalala karibu yangu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa huogopi?"

Angeweza kusema hapana. Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo mengi, yamezoea njia. "Nilikuwa naogopa," alisema. "Siku nyingine nilikuwa nangoja ulale kwanza."

Roy alilia kwa namna mbaya, bila kuficha uso, kamasi zikitoka. Yvonne alikaa naye mezani, akamsogezea sahani ya mayai, na alipomaliza kulia akala, kwa sababu ilibidi ale. Kesho yake alirudisha leseni ya udereva kabla hajaombwa. Alimwambia daktari wake habari yote, ya mdomo na ya jicho, huku Yvonne akiwa amekaa kando, na daktari akampa kifaa kidogo cha kubandika mkononi kinacholia sukari ikianza kushuka. Kilipolia mara ya kwanza, wakiwa sebuleni, Roy aliinuka akaenda kusimama nje bustanini peke yake, mbali naye, akinywa soda kwenye baridi hadi kiliponyamaza. Yvonne alimtazama kupitia dirishani. Alitaka kumfuata. Roy alimpungia mkono abaki.

Jumapili akasema, "Naenda kwa Derek."

"Hatafungua."

"Asifungue."

Walitembea, kwa kuwa hapakuwa tena na gari. Roy alikuwa amekula na kujipima kabla ya kutoka, na walipofika kona ya mtaa wa Derek akajipima tena. Pauline ndiye aliyefungua. Alipowaona alitaka kufunga, lakini sauti ya Derek ilitoka ndani ikiuliza ni nani, na Pauline hakuwa mtu wa kumdanganya mumewe. "Ni wao," alisema.

Derek alitoka na soksi miguuni, fulana ikiwa na doa la chai. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Hakumkaribisha mtu.

"Umekuja kuomba msamaha?" alisema. "Usijisumbue. Mahakama imeshasema hukufanya kitu."

"Mahakama imesema hivyo," alisema Roy.

"Basi?"

Roy alivua kofia. Yvonne alimwona akitafuta maneno, na akajizuia, kwa nguvu zake zote, asimtafutie.

"Sikumbuki, Derek. Nimejaribu, sikumbuki hata kidogo. Lakini uliniuliza, ulimwuliza Von, jicho limetolewa na nani." Akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, kiganja juu. "Ni mimi. Huu mkono ni wangu, hauna mwenyewe mwingine. Ni mimi niliyekupiga. Na nilimpiga dada yako. Sitaki usikie kwamba ni hakuna mtu."

Pauline, nyuma, aliacha kufanya chochote alichokuwa akifanya na vyombo. Gari lilipita. Yvonne hakuweza kuusoma uso wa Derek, kwa kuwa nusu yake haikusema tena kitu.

Kisha Derek akageuza kichwa kidogo, kama mtu anayetafuta sauti inakotoka.

"Hama hapo," alisema. "Njoo upande huu. Huko ulikosimama sikuoni."

Roy akazunguka upande wa pili wa kizingiti. Derek akamtazama.